Kumbukumbu za Mtihani wa Mdudu wa Mate

Ofisi yangu ilikuwa na kibao kizuri mlangoni: Ofisi ya Kuwasaidia Watafiti Chipukizi. Siku ya kuifungua mkuu wa chuo alikata utepe, askofu akanyunyiza maji ya baraka, tukala keki. Nilikaa humo miaka kumi na tisa, na kama kuna mtafiti chipukizi niliyemsaidia kwa maana halisi ya neno hilo, nionyesheni. Kazi yangu ilikuwa kushona.

Nasema kushona kwa sababu ndivyo sisi wenyewe tulivyosema. Sheria inataka kila nafasi ya kazi chuoni itangazwe wazi na ishindaniwe kwa mtihani, mwenye sifa aombe. Sawa. Lakini profesa anakuwa keshamchagua mtu wake tangu miaka miwili nyuma, mezani, kati ya tambi na samaki. Anakuletea wasifu wa huyo mtu, nawe unaandika tangazo linalomkaa kama suti ya harusi: awe amefanya kitu fulani, miaka kadhaa, mahali fulani. Wengine wote linawabana mabegani. Akitokea mkaidi mmoja ambaye naye limemkaa, namwita ofisini, namwelewesha kwamba zamu yake bado, anasaini barua ya kujitoa. Barua ilikuwa tayari kwenye kompyuta, unabadilisha jina tu. Sikuwahi kuhesabu nimechapa ngapi.

Msidhani nilipenda. Walinitia kinyaa wote, na harufu zao za manukato na maneno yao matamu. Jioni nikirudi nyumbani nilinawa mikono hadi viwiko, mume wangu akiniuliza kama nimeshika maiti. Lakini mshahara ni mshahara, na mwenye nguvu mpishe.

Aliyenichukiza kupita wote alikuwa Ermenegildo Lattarulo, profesa wa wadudu waharibifu. Alikuwa na mikono laini kama ya mtoto mchanga, na akiongea nawe anakushika bega, kisha anausahau mkono wake hapo. Masika yale aliniletea wasifu wa Pierpaolo Lomuscio. Huyu alikuwa mpwa wa profesa mmoja wa chuo jirani, na chuo hicho ndicho kilichompa kazi mkwe wa Lattarulo mwaka uliotangulia. Nichukulie wangu, nikuchukulie wako. Hawaandikiani popote, wala hawasahau.

“Nunzia, shona ibane,” aliniambia, mkono begani. “Asipenye hata sisimizi.”

Basi nikabana. Nilichukua mstari uliokuwa mgumu kuliko yote katika ule wasifu nikauhamishia kwenye tangazo kama ulivyo: mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka mitano wa kuhesabu wadudu wa mate katika mashamba ya mizeituni. Huyu ni mdudu mdogo anayeeneza ule ugonjwa uliotukaushia mizeituni. Akiwa mchanga hujificha ndani ya povu analolitoa mwenyewe, utadhani mlevi kapita akitema mate kwenye majani. Ili kumhesabu ni lazima mtu apige magoti gugu kwa gugu, alipasue povu kwa kidole, aone waliomo.

Mtu huyo hakuwa Pierpaolo. Pierpaolo alikuwa haingii shambani kwa sababu ya viatu vyake. Aliyepiga magoti miaka yote hiyo ni Ilenia Caputi, binti wa mkulima ambaye mizeituni yake mia moja na arobaini ilikatwa ikawa kuni. Lattarulo alimlazimisha kuandika jina la Pierpaolo juu ya kila makala aliyoitoa, tena la kwanza, eti kumpa kijana mwanzo mzuri. Kwa hiyo wasifu wa Pierpaolo ulikuwa ni maisha ya Ilenia yaliyopachikwa picha nyingine. Profesa alikwishazoea uongo wake hadi akausahau, nami sikufikiri. Tukashona suti kwa kipimo cha kivuli, ikamkaa mwenye kivuli.

Maombi yalipofungwa yalikuwa mawili. La pili lilikuwa la Ilenia.

Lattarulo alikuja ofisini mbio, uso umemwiva. Hakunigombeza. Aliketi, akaomba kahawa, akasema nimwite msichana niongee naye kama mama, nimwambie mwakani kutakuwa na nafasi nyingine. Nilipomuuliza nafasi gani hiyo, alisema haipo, lakini hilo tuliache kwanza.

Ilenia alikuja kesho yake na koti lake la shambani. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na mikataba tisa ya mwaka mmoja mmoja nyuma yake. Nilimweleza habari ya zamu kama nilivyowaeleza wengine, nikamsogezea barua.

“Mwakani sitakuwepo, Bi Nunzia,” alisema. “Mkataba wangu unaisha Juni thelathini, na sheria hairuhusu wa kumi. Ama nafasi hii, ama basi. Baada ya hapo simo tena chuoni.”

“Ukimkasirisha, hutapata hapa wala kwingine.”

“Kwani sasa nina nini cha kupoteza? Tangazo umeliandika wewe. Nimelisoma mara tatu. Ni mimi yule.”

Aliirudisha barua upande wangu kwa kidole kimoja, taratibu, bila kuikunja. Aliaga vizuri, akaondoka. Nilimpigia Lattarulo kumwambia amekataa, naye akacheka tu, akasema basi aje afanye mtihani, kushindwa ni haki ya kila raia.

Siku ya mtihani, saa mbili asubuhi, aliniletea kumbukumbu za kikao zikiwa zimekamilika. Mtihani wenyewe ulikuwa saa nne. Humo tayari mlikuwa na maswali, majibu na alama: Lomuscio ishirini na tisa juu ya thelathini, kwa umahiri na upeo mpana, Caputi ishirini na moja, kwa kukosa ukomavu. Hilo nalo lilikuwa la kawaida. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao, na kazi ya mwandishi ilikuwa kungoja watu waongee kisha aweke tarehe.

Watahini walikuwa watatu, Lattarulo na maprofesa wawili wageni, mwanamume na mwanamke, waliokwisha kuulizia mkahawa upi tungekula mchana. Mtihani ni wa hadhara kisheria, lakini hakuja mtu isipokuwa mama yake Ilenia, mama mnene mwenye begi magotini. Aliketi nyuma kabisa, kama yuko kanisani.

Pierpaolo aliulizwa povu la mdudu wa mate huonekana majira gani. Alifikiri, akasema kiangazi, Agosti hivi. Mtoto yeyote wa shamba huku kwetu anajua kwamba Agosti hakuna povu, majani yenyewe yamekwisha kuungua. Lattarulo akatabasamu. “Bila shaka unamaanisha masika,” akasema, na Pierpaolo akasema ndiyo, alimaanisha masika. Akaulizwa wanahesabiwaje. Akasema wapo wasaidizi. Yule mwanamke mgeni aliandika kitu kwenye daftari lake, na kutoka nilipokaa niliona anachora paka.

Ilenia aliongea dakika ishirini. Alieleza amehesabu mashamba mangapi, alikosea wapi mwaka wa kwanza, alirekebisha vipi. Sikuelewa nusu yake, lakini nilielewa kwamba namsikiliza mtu anayejua anachosema, na mle ndani hilo halikuwa jambo la kila siku. Lattarulo alikuwa anasoma simu yake. Ilenia alipomaliza, profesa aliiweka simu mezani, akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu.

“Na watoto je, Dokta Caputi? Una mpango? Maana shamba na ujauzito haviendani, nasi tunataka mtu wa kudumu.”

Mama yake kule nyuma alitabasamu akatikisa kichwa kukubali. Alidhani profesa anamjali mwanawe.

“Nimefundishwa kuhesabu kilichopo, Profesa,” Ilenia alijibu. “Watoto hawapo.”

Yule mgeni mwanamume alicheka kifuani. Nami nikakiandika hata hicho kicheko. Haukuwa ujasiri, naomba nieleweke. Ulikuwa ni ule tu uso wa mama yule, ukitabasamu kwa shukrani. Nilijiona nataka kutapika juu ya meza ile ya mbao ya mwaloni waliyoinunua kwa fedha za kuwasaidia watafiti chipukizi.

Watahini walitangulia mkahawani bandarini, nikaambiwa niwapelekee karatasi wakasaini huko, kama ilivyokuwa desturi. Nilipanda ofisini. Nilijifunza hati mkato nikiwa msichana, na mkono wangu ulikuwa umeandika kila neno bila mimi kuutuma. Nilifuta maswali na majibu ya Lattarulo, nikachapa yale yaliyosemwa. Agosti. Bila shaka unamaanisha masika. Wapo wasaidizi. Watoto, ujauzito, kicheko, vyote. Alama sikuzigusa: ishirini na tisa, ishirini na moja. Zilikuwa kurasa tisa, na dakika arobaini zikatosha.

Niliwakuta wanakula kome wabichi kwa limau. Maganda yalikuwa yamerundikana hadi kwenye kitambaa, na Lattarulo alikuwa na majimaji kidevuni. Nilimwekea karatasi pembeni ya sahani. Yule mgeni mwanamke aliuliza kama kuna la kusoma.

“Funika kombe mwanaharamu apite,” Lattarulo akasema, na wote wakacheka.

Akasaini ukurasa wa kwanza, wa pili, wote tisa, vidole vimelowa, kila ukurasa ukabaki na alama ya mafuta. Wenzake wakasaini chini yake bila kuacha mazungumzo. Walikuwa wanabishana juu ya divai. Kisha Lattarulo akafungua kome mmoja, akamkamulia limau, akaninyooshea hadi mdomoni kama mtu anayemlisha mtoto. “Kula, Nunzia, umefanya kazi.” Nikala. Mpaka leo sijui kwa nini nilikula. Aliteleza kooni akiwa baridi, na profesa akanifuta mdomo kwa leso yake mwenyewe.

Jumatatu kumbukumbu zilibandikwa kwenye tovuti ya chuo, kama sheria inavyotaka. Chuoni hakuna aliyezisoma. Ilenia alizisoma. Jumatano alikuwa kwa wakili.

Kesi ilichukua miezi kumi na minne. Lattarulo alikuja kunifokea mara moja, akaniita nyoka, mkono safari hii haukufika begani. Lakini saini zilikuwa zake, na mafuta yake. Hakufungwa mtu, msije mkangojea hilo. Pierpaolo alihamia kwa mjomba wake. Lattarulo alistaafu kwa heshima, akapewa bamba la fedha na hotuba tatu, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Lakini mahakama iliufuta mtihani na kuamuru urudiwe mbele ya watahini wapya kutoka mbali, nafasi ikingoja. Mkuu wa chuo, kwa kuogopa magazeti, alinisifu hadharani kwa uadilifu wangu, akaniteua tena kuwa mwandishi. Wenzangu waliponiamkia ngazini niliitikia kwa sauti. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa nilikuwa narudi nyumbani, nanawa mikono kama watu wengine, nakula.

Nilinunua sanduku la keki ndogo za malai nikaendesha gari hadi dukani alikokuwa Ilenia. Tangu mkataba uishe alikuwa anauza mbolea na dawa za shamba kwenye barabara ya kutokea mjini. Alikuwa amekwisha kuipata hukumu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema mama yake ananisalimu. Aliniambia mtihani ataufanya, tena atashinda, na alilisema hilo kama mtu anayetaja saa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi wowote, mimi ndiye nitakayeshika kalamu.

“Hapana, Bi Nunzia,” alisema. “Nimeshamwandikia mkuu wa chuo. Nimeomba mwandishi mwingine.”

Nilidhani anatania. “Binti, mimi ndiye niliyekuokoa.”

“Najua. Na nakushukuru kwa moyo wangu wote. Lakini sitaki kuinua macho nikakuona umekaa pale.” Alisogeza gunia dogo kwa mguu. “Unamkumbuka Donatella Summa?”

Sikumkumbuka. Nilitafuta sura, nikakosa hata rangi ya nywele.

“Tulikuwa tunatumia meza moja. Alikuwa ananishinda mbali kwa akili. Alijitoa mwaka mmoja kabla ya mtihani wangu, akasainia ofisini kwako. Sasa anafua mashuka hotelini, na mdudu wala mmea hataki hata kusikia ukitajwa.”

“Nilimfanyia ubaya gani?” niliuliza.

“Hukumfanyia ubaya. Alisema ulikuwa na huruma sana. Mkono ulimtetemeka, nawe ukamshikia karatasi isiteleze.”

Mteja aliingia akitaka dawa ya konokono, Ilenia akaenda kumhudumia, akimweleza kwa upole jinsi ya kuinyunyiza. Nilingoja amalize ili nijieleze. Mteja alikuwa na maswali mengi, na kila nilipotunga sentensi ya kwanza niliisikia kwa sauti ya Lattarulo. Nikaacha keki juu ya kaunta nikatoka.