Saa Nane ya Wapi

Mdogo wangu Houda alikaa kwangu Buyenzi siku kumi, na kwa siku zote kumi hakuirudisha saa yake ya mkononi nyuma. Saa ya Kigoma iko mbele ya saa ya Bujumbura kwa saa moja nzima. Basi sisi tukinywa chai saa mbili, yeye anautazama mkono wake na kusema ni saa tatu, kana kwamba nyumba nzima tumechelewa kuamka. Nilimwambia airekebishe. Akasema, "Hapana, dada. Ya nini? Nakaa siku chache tu."

Hilo "hapana, dada" lilinichoma kuliko saa yenyewe. Sisi watu wa Buyenzi tunasema apana, na mkubwa wako wa kike ni yaya. Lakini Houda alikimbia mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tano, akaishi Kigoma miaka tisa, na huko, kwa maelezo yake, yaya ni msichana wa kazi anayelea watoto. "Nikikuita yaya watu watacheka," akasema. Watu gani, nikamuuliza, mbuzi wa jirani?

Nilitaka arudi, yeye na watoto wake wawili. Sikuzunguka. Siku ile ile aliposhuka melini nilimwambia kwamba chumba cha nyuma nimekipaka chokaa na cherehani ya mama nimeitia mafuta. Akasema atanijibu siku ya kuondoka, tukiwa bandarini. "Shida si chumba, dada. Sijui kama watu wataniangalia usoni."

Nilijua anamsema nani. Mwaka aliokimbia alikuwa fundi wa nguo mjini, katika ateliye moja ya kushona pamoja na Léoncie, msichana wa Ngagara, meza zao zimegusana. Kisha vita vikaingia mjini, mitaa ikagawanyika, wa Ngagara hakanyagi Buyenzi, wa Buyenzi hakanyagi Ngagara, na asubuhi moja Houda akaondoka bila kumuaga mtu. Tangu hapo hakuandika hata barua. Alidhani Léoncie anamchukia, au amekufa, na sijui lipi lilimuuma zaidi.

Basi siku ya mwisho nikaamua kumtembeza mji kwa miguu, mji wenyewe uniombee. Mizigo ilitangulia asubuhi kwa baiskeli, karatasi zake zikagongwa mhuri. Rachid, karani wa meli ya mizigo atakayorudi nayo, aliniambia kwa kinywa chake kwamba wanang'oa nanga saa nane kamili.

"Saa nane ya wapi?" Houda akauliza.

"Saa munane ya wapi! Kwani dunia iko na saa munane ngapi? Vaa viatu."

Tulitoka saa nne. Ilikuwa mwezi wa sita, kiangazi, vumbi limeificha milima ya Uvira kabisa. Kwenye avenue yetu, ya saba, makanika walikuwa wamelala chini ya magari kama kawaida, miguu tu ikionekana, na Houda akasema hata miguu ile anaikumbuka. Nikahesabu hiyo kuwa dalili njema. Nilimpitisha kanisa kuu, ingawa mimi ni Mwislamu, kwa sababu kengele ni kengele na mji ni wangu. Nilimpitisha posta. Kwenye barabara ya Rwagasore nilimwonyesha ukuta uliopakwa rangi mpya, yeye akaangalia ukuta wa jirani wenye matundu ya risasi.

"Jana usiku nilizisikia upande wa Kanyosha," akasema.

"Hata mi nilizisikia. Kisha nikalala. Na we ulilala, ulikoroma."

Akacheka kidogo, kwa heshima tu. Ndipo nikamwingiza soko kuu, upande wa mafundi wa nguo. Nilijua Léoncie yuko pale. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu kwa mbali kabla Houda hajaja, na wala sikumwambia Houda wala sikumwambia Léoncie. Mimi mambo yangu nayafanya hivyo. Nikamvuta Houda mkono mpaka mbele ya meza yake.

Léoncie aliinua kichwa. Amenenepa, amevaa miwani, sindano tatu kifuani. Akamtazama Houda toka kichwani hadi miguuni.

"Houda wa ya saba!" akapiga kelele, soko zima likageuka. "We mwizi! Futi yangu iko wapi?"

Houda alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Futi yangu ya kupimia! Ulikimbia nayo kwenye shingo! Siku ile niko na robe ya mariage, ya bibi arusi, client amesimama mbele yangu, nikapima mutu na kamba ya kufunga mbuzi! Na kamba ya mbuzi, Houda! Mon Dieu!"

"Ninayo," Houda akasema. "Iko Kigoma. Naipimia kila siku. Namba zimefutika lakini naipimia."

"Sasa uilete."

Léoncie alizunguka meza, wakashikana, na wakaanza kulia wote wawili wakiwa wamesimama katikati ya vipande vya kitenge. Mimi nililia pia, na sioni aibu. Baadaye zikaja habari, nani yuko hai, nani hayuko, mama yake Léoncie, ateliye iliyoungua. Houda aliongea zaidi katika saa moja ile kuliko siku zote kumi. Niliwaacha. Tulikuwa na muda wa kutosha.

Tulipotoka sokoni Houda alitazama mkono wake. "Dada, saa saba na nusu."

"Sita na nusu. Uko Bujumbura."

Nikampeleka polepole kuelekea ziwani, njia ya vivuli. Nilitaka tukae mahali, ninunue vinywaji, halafu nimshushie hotuba yangu. Nilikuwa nayo tayari: chumba, cherehani, shule ya watoto, na sasa Léoncie, ambaye sikuwa nimethubutu kumtia. Tulikuwa bado mbali na bandari meli ilipopiga honi.

"Ni nyingine hiyo," nikasema.

Houda alisimama. "Dada. Rachid ni mtu wa wapi?"

"Wa Ujiji."

"Na meli?"

"Ya Kigoma."

"Na saa ya melini?"

Nilihesabu kwa vidole. Watu wa Ujiji, kwenye meli ya Kigoma, wataishi kwa saa ya Bujumbura kwa ajili gani? Saa nane yao ilikuwa saa saba yetu, na saa saba yetu ilikuwa inakaribia kugonga. Nilikosea. Nalisema hapa mara moja, msitegemee nilirudie.

Tulikimbia. Mimi nina miaka hamsini na miwili na mwili wa mtu anayeuza sambusa na kuzionja. Kandambili moja ilinitoka karibu na maghala, nikaiacha. Houda alikuwa mbele, ananivuta mkono, na hatukuwa na pumzi ya kusema lolote. Hotuba yangu yote ilibaki njiani pamoja na ile kandambili.

Langoni askari alitazama karatasi za Houda, akamfungulia. Mimi akanizuia kwa kiganja. "Abiria tu, mama." Houda aligeuka, akanishika uso kwa mikono miwili, akafungua kinywa, na honi ikalia tena juu ya chochote alichotaka kusema. Akakimbia. Nikamwona kupitia waya, Rachid akimpungia aharakishe, kamba moja tayari imefunguliwa, ubao unatikisika chini ya miguu yake. Akapanda. Wakauvuta ubao.

Siku kumi nimesubiri jibu, na mimi mwenyewe, kwa ujuaji wangu, ndiye niliyelikatisha. Nililia kwa hasira. Meli ilikuwa inaachana na ukuta, maji yanapanuka. Nikashika waya wa uzio na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote, na katika kihoro hicho hata swali nililiuliza kichwa chini miguu juu:

"Houda! Utabaki kule?"

Alikuwa ameegemea chuma cha meli. Hakuwa na muda wa kuchagua maneno, wala mimi sikuwa na muda wa kumrekebisha. Akaweka mikono mdomoni.

"Apana, yaya!"

Askari aliniuliza nacheka nini, na kandambili yangu ya pili iko wapi. Nikamwambia mdogo wangu ameenda kuleta futi ya watu.