Mchezo wa Mkono wa Kushoto

Kila Jumanne tulimpelekea Selorm upuuzi, naye akaukataa kwa kuwa haukuwa upuuzi wa kutosha. Selorm ni meneja wa vipindi wa kituo chetu hapa Accra, kijana wa viatu vyeupe aliyerudi na digrii pamoja na imani kwamba watu wakionyeshwa mchezo mmoja mpya kwenye televisheni watasahau shida zao zote. Mimi na Fuseini, fundi wa sauti, ndio tuliopewa kazi ya kuutafuta mchezo huo.

"Wafiwa wanasimama mbele ya jeneza," nikasema siku hiyo. "Tunawauliza maswali kuhusu marehemu. Asiyejua anafukuzwa msibani palepale, kabla chakula hakijapakuliwa."

"Watu watagombana," Selorm akasema.

"Si ndio mchezo wenyewe?"

Fuseini akaleta mchezo wa wachungaji wawili wa kanisa wanaoombea magari mabovu, na ambaye gari lake litawaka kwanza ndiye mshindi. Kisha wa foleni: washiriki wanapanga mstari, na wa kwanza kugundua foleni ni ya nini anapewa zawadi. Kisha wa mbuzi anayechagua mshindi kwa kula karatasi yenye jina lake.

"Na mbuzi akiwa ameshiba?" Selorm akauliza.

"Tunaweka matangazo mpaka asikie njaa," Fuseini akajibu.

Selorm hakucheka. Sijapata kumwona akicheka kitu kinachochekesha, na hilo linanikera sana kwa mtu aliyekabidhiwa furaha ya wenzake.

Nje ya mlango wake, kwenye viti vya mapokezi, alikuwa amekaa Mjomba Ebo Quansah. Si mjomba wangu wa damu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa miaka mingi aliendesha chemsha bongo ya shule, na watoto wa nchi hii wakajifunza kusema "sijui" kwa heshima kwa sababu yake. Halafu kiharusi kikampiga upande wa kulia. Ulimi ukarudi, mguu ukarudi nusu, mkono haukurudi. Tangu hapo alikuja kila Jumanne, suti imenyooshwa, mkono uliokufa umetiwa mfukoni, kuuliza kama kuna kipindi chake. Selorm alishamwambia waziwazi kwamba mtangazaji anayesalimia watu kwa kushoto hawezi kuingia sebuleni mwa watu. Mjomba Ebo alisema anaelewa, na Jumanne iliyofuata akaja tena.

Basi nikasema la kwanza lililonijia, kwa hasira tu. "Tufanye mchezo wa kushoto. Kusalimia, kupokea, kumpa mzee maji, yote kwa mkono wa kushoto, na ni marufuku kuomba radhi. Ukiomba radhi honi inalia, umetoka. Mtangazaji awe Mjomba Ebo."

Selorm akaweka simu mezani. "Huo ni utovu wa adabu mtupu," akasema polepole. "Watautazama."

Akakubali turekodi kipindi kimoja cha majaribio. Kikipendeza, Jumamosi jioni ni ya Mjomba Ebo. Kikiharibika, asionekane tena pale mapokezi. Nilifurahi kupita kiasi.

Nikamfanyisha mazoezi kwa pakiti ya maji. Kwetu huwezi kumpa mtu kitu kwa kushoto bila kumtaka radhi, na yeye, tangu augue, alikuwa ameomba radhi mara nyingi kuliko alivyotaja jina lake mwenyewe.

"Nipe maji, Mjomba."

"Shika, binti yangu, niwie radhi kwa..."

"Umetoka."

"Esi, unanionea. Ulimi una mazoea yake."

"Basi ung'ate huo ulimi."

"Nikiung'ata huu uliobaki, nitatangazia nini?"

Lakini alijifunza. Siku ya kurekodi alitoka mbele ya taa, akawapa mkono wa kushoto vijana wawili wa chuo, midomo imefumbwa, na watu ukumbini wakaguna kwa aibu tamu. Mmoja wa wale vijana akaropoka radhi, Fuseini akabonyeza honi, ukumbi ukavunjika mbavu. Nikamwona Mjomba Ebo akisimama kama zamani, kidevu juu.

Kisha akaingia Mama Dede, muuza samaki wa kukaushwa, bibi mkongwe aliyeletwa na wajukuu. Mjomba Ebo alitakiwa kumkabidhi kadi yake ya namba. Akanyoosha mkono wa kushoto. Bibi akautazama mkono ule, akamtazama usoni, asijue anatukanwa kwa kosa gani.

"Mama, niwie radhi," Mjomba Ebo akasema. "Wa kulia umekufa."

Honi ikalia. Watu wakacheka mpaka wakapiga makofi, mtangazaji mwenyewe kanaswa na sheria yake. Katikati ya kelele hizo nilimwona Mama Dede akipokea kadi kwa mikono yote miwili na kusema, "Hapana neno, mwanangu."

Selorm akaja mbio kutoka chumba cha mitambo, anafuta machozi. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. "Hicho ndicho kipindi," akasema. "Kila wiki tunamletea mtu mzee zaidi ya huyu, kila wiki anaomba radhi, honi inampiga. Mzee Ebo, Jumamosi ni yako."

"Mjomba, twende nyumbani," nikamwambia.

"Subiri, Esi." Alikuwa anamtazama Selorm. "Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi. Ila turudie, honi imefunika maneno."

Wakarudia. Mjomba Ebo akaomba radhi kwa sauti ileile, maana hakuwa na nyingine, na Mama Dede, ambaye hakuna aliyemweleza lolote, akamjibu tena kwamba hapana neno. Ukumbi ukanyamaza, mtu mmoja akapenga kamasi. Selorm akakunja uso.

"Mwambieni bibi asijibu," akasema. "Anaua kichekesho."

Mjukuu mmoja wa Mama Dede akamwinamia bibi yake sikioni. Msichana wa poda akamfuta Mjomba Ebo jasho, taa zikawashwa upya. Akanyoosha mkono, akaomba radhi, honi ikalia mahali pake, watu wakacheka walivyoelekezwa, na bibi, kwa kuwa alikuwa amekatazwa, akamtazama tu.