Wageni wa Kanzu kwa Bi Ruqayya

Hebu niambie, mpangaji wako akifia chumbani na hutaki mtaa ujue, utampigia nani simu? Miaka ile watu wa Kampala walimpigia Akoth. Alikuwa Mkenya, amekaa kwenye kiti chenye mto wa maua katika ofisi ndogo pale Mengo, simu kulia, chai ya maziwa kushoto. Kazi yake ilikuwa kuwatuma wasafishaji mahali mtu alipofia, na kuhakikisha majirani hawanusi kitu.

Asubuhi moja alipiga Bi Ruqayya, mjane wa mtaa wa Bwaise. Mpangaji wake, mzee Santo, alikuwa amekutwa amekufa. Polisi walishamchukua alfajiri kabla mtaa haujaamka, limebaki godoro na harufu.

"Amelala maiti siku tatu, mwanangu, ukuta mmoja na mimi! Majirani wakijua nitauficha wapi uso wangu?"

"Hawatajua, mama. Watakuja kama wageni."

Akoth akawaambia wanaume wake wanne waache ovaroli, wavae kanzu na koti juu yake, na ndoo wazitie kwenye vikapu vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Akajisifu kimoyomoyo, akaongeza sukari kwenye chai.

Nusu saa haijaisha, Wandera, kiongozi wao, akapiga simu akinong'ona.

"Dada Akoth, tumepigiwa vigelegele."

"Na nani?"

"Bwaise nzima! Wanaume wa kanzu na koti, vikapu vimefunikwa, tunaingia kwa mstari. Hapa Kampala hiyo ni posa, dada! Hukujua?"

Akoth hakujua. Kwao, upande wa ziwa kule Kenya, kanzu aliwaona nayo watu wa msikitini tu.

"Waambie hakuna posa."

"Nimewaambia. Wakauliza, bwana harusi yuko wapi? Nilivyosita kidogo, wakamchagua Ogwal."

"Ogwal ana miaka ishirini na minne!"

"Na bibi harusi sitini na minane. Ndiyo maana wanacheka hivyo. Kuna mama mmoja hapa ameng'ang'ania kikapu, anataka kuona kama tumeleta sukari."

"Kina nini?"

"Brashi za choo."

Akoth akaisukuma chai pembeni. "Nipe Bi Ruqayya. Mama? Nisamehe sana, kosa ni langu. Wewe kubali tu. Sema ni posa, uchumba tutauvunja Jumamosi."

Bi Ruqayya akaguna.

"Niolewe na katoto haka, na Santo hata hajazikwa?"

Hakukata simu. Akoth alimsikia akipiga makofi mara mbili, vigelegele vikafifia.

"Jamani, hawa hawakuja kuposa. Wamekuja kusafisha chumba cha Santo. Alikufa Jumatatu, na mimi sikumbishia hodi mpaka leo Alhamisi. Nimeona haya hata kuwaambia."

Mtu mmoja akapiga yowe, "Woowe, Santo!" Viatu vikaanza kuburuzika kuelekea mlangoni.

"Msiende," alisema Bi Ruqayya. "Tangu asubuhi nataka watu wa kumlia pamoja nami."