Vitonge vya Chokoleti Mbele ya Wakwe

Wahenga walisema chema chajiuza, na Jeannine wa mtaa wa Shanwe aliuamini msemo huo kiasi cha kuukabidhi maisha yake.

Binti huyu alikuwa akitengeneza vitonge vya chokoleti, vile ambavyo wenye hoteli huviita trafli. Unayeyusha chokoleti na krimu, unagandisha, unafinyanga kwa viganja kama tonge la ugali, kisha unabingirisha kwenye unga wa kakao. Ukikiweka kitonge ulimini, kinakuponyoka kabla hujakumbuka kutafuna. Mpanda mjini aliyejua kuvitengeneza ni yeye peke yake, na sherehe ya kipaimara isiyokuwa na vitonge vya Jeannine ilikuwa imeanza kusemwa. Alifanyia kazi kwenye chumba cha uani nyumbani kwa baba yake, chumba chenye meza, feni na friji, na alikipenda chumba hicho waziwazi, kuliko alivyowapenda ndugu zake wengi.

Jumamosi hiyo ya Oktoba watu wa kijiji cha Mwamkulu walikuwa wanakuja kumposa. Mchumba wake, Masunga, ana kibanda cha vipuri vya pikipiki mjini, lakini kwao ni Wasukuma wa ng'ombe na mpunga, watu wakarimu wasio na baya lolote. Kwao mke akiolewa anahamia kwenye mji wa mumewe, huko huko shambani. Jeannine alimpenda Masunga sana. Ila jembe alisema hapana, na zizi hapana. Masunga akaahidi: "Usiwaze, nitaongea na wazee. Tutakaa Shanwe." Aliahidi tangu Kwaresima. Kila akienda kwao kuongea, alirudi na mfuko wa mchele na maelezo kwamba siku haikuwa nzuri.

Basi Jeannine akaona afadhali vitonge viongee. Wakwe wakila, wataona wenyewe kwamba hii ni kazi, tena kazi ya friji na wateja wa mjini, na watamwacha alipo. Ijumaa alifinyanga vile vilivyo bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, akavipanga kwenye friji, akamwambia shangazi yake, "Vitoe mwisho kabisa, vikiwa baridi."

"Sawa, mwanangu," alisema Shangazi Vénérande, na hakuwa amesikia.

Si kwamba shangazi ni mkaidi. Huyu ndiye aliyemlea Jeannine baada ya mama yake kufariki, na ni mwanamke mwenye adabu zake. Lakini tangu azaliwe hajawahi kumwekea mkwe chakula cha baridi. Chakula cha baridi ni kiporo, na kiporo kwa mkwe ni matusi yanayokumbukwa hadi kwa wajukuu. Kwa hiyo bajaji za wageni ziliposikika barabarani, alifanya kama afanyavyo mwanamke yeyote mstaarabu. Alimimina maji yaliyochemka kwenye hotpoti lake zuri lenye maua ili lipate moto, akayamwaga, akatia vitonge vyote, akafunika kwa nguvu, kisha akaliweka mezani katikati ya hotpoti la wali na la nyama.

Jeannine alikuwa chumbani, maana binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Habari aliletewa na shangazi mwenyewe, tena kwa furaha.

"Vile vitonge vyako, maskini, vilikuwa vimekakamaa kama mawe. Nimevitia kwenye hotpoti."

"Shangazi! Vitayeyuka!"

"Vitayeyukaje na nimefunika?"

"Nenda kavitoe. Tafadhali."

Shangazi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa malaria. "Nipite mbele ya wakwe nikirudisha chakula jikoni? Watasema tumewanyima, watapanda bajaji zao waondoke. Tulia."

Hapo Jeannine aliketi kitandani akaomba jambo moja tu, kwamba wazee waongee kwa kifupi. Ombi kama hilo, kwa heshima zote, halijawahi kujibiwa popote.

Msemaji wa wageni alikuwa Mzee Ngusa, baba mkubwa wa Masunga. Alianza na babu yao kutoka Maswa akifuata ng'ombe, ng'ombe wakifuata majani, na hakuna mto waliouvuka ambao hakuutaja. Alipofika Mwamkulu akanywa maji. Baba yake Jeannine, Mzee Onesphore, hakukubali kuzidiwa nyumbani kwake. Naye akaanzia Burundi, akapita kambi ya wakimbizi ya Katumba, akaeleza mahindi ya kwanza na siku waliyopewa uraia, na hapo akatafuta leso, ikabidi wote wangoje. Wazee wawili, wote wa kuja, kila mmoja akamkaribisha mwenzake Katavi kama mwenye ardhi. Bati lilikuwa linalia kwa jua. Nyuma ya pazia la mlango wa chumba Jeannine alikuwa akilitazama lile hotpoti lenye maua.

Ng'ombe wakatajwa, wakabishaniwa kwa vicheko, wakakubaliwa. Shangazi Vénérande akafunua vyakula. Alipofika kwenye vitonge akasita, kifuniko mkononi. Ndani hamkuwa na kitonge hata kimoja. Mlikuwa na uji mzito mweusi, unang'aa.

Mwanamke mwingine angefunika. Shangazi alichukua upawa. "Karibuni na mchuzi," alisema.

Mama yake Masunga, Mama Kabula, ndiye aliyeanza. Alichovya kipande cha chapati kwa woga, akala. Kisha akachovya tena, kipande kikubwa zaidi, na akasahau kwamba mkwe hali sana ukweni. Mzee Ngusa aliomba awekewe kwenye kikombe. Alikunywa akafumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Nani amepika hiki kitu?"

"Ni binti yetu," alisema Mzee Onesphore, ambaye siku zote alikuwa akiita kazi hiyo kuchezea sukari.

Nyuma ya pazia moyo wa Jeannine uliruka. Wameelewa! Yalikuwa yamebaki maneno ya mahali pa kuishi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona Shanwe ikimkumbatia.

Mzee Ngusa alifuta mdomo akasimama. "Ndugu zangu, sitaficha. Huyu kijana wetu alishaanza kunung'unika habari za kukaa mjini, na mimi nilikuja na moyo wa kukubali. Nilisema, binti wa mjini, atatufaa nini kule? Mwacheni. Lakini sasa nimeonja! Mwanamke mwenye mkono huu hatuwezi kumwacha mjini akiwapikia wapita njia. Anakuja Mwamkulu. Maziwa yapo, tutakamua ya kwake peke yake. Jioni tutakuwa tunakunywa wote."

Wageni walipiga makofi. Wenyeji nao wakapiga, maana sifa ni sifa. Penye wazee haliharibiki neno, na hapo penye wazee hao wote, neno lilikuwa limeharibika kwa upendo mtupu.

Jeannine akaitwa. Kwao binti huulizwa mwisho, watu wakishashiba, na hutarajiwa kujibu neno moja huku akitazama chini. Alitoka amevaa kitenge chake kipya, akasimama mbele ya baba yake.

"Mwanangu, hawa wakwe wameleta ng'ombe. Tupokee?"

Jeannine hakutazama chini. Alimtazama Masunga, aliyekaa karibu na mlango na sahani magotini.

"Baba, kabla sijajibu, namuomba Masunga aseme. Aseme tumekubaliana kukaa wapi."

Shangazi Vénérande alimwita Mungu kwa Kirundi. Watu wote wakamgeukia Masunga. Alikuwa na chokoleti kwenye masharubu. Alimtazama baba yake mkubwa, akamtazama mama yake, akaitazama sahani yake muda mrefu kuliko wote.

"Mimi," alisema, "naona alivyosema mzee ni sawa."

Iliuma. Iliuma kuliko Jeannine alivyowahi kufikiri, na alisimama pale akiumia mbele ya watu, bila kujificha. Kisha akageuka kwa baba yake.

"Msipokee."

Wengine walidhani ni haya za kike, wakacheka. Hakucheka. Alipiga goti kwa wageni kwa heshima, akapita jikoni, akatoka uani, akaingia kwenye chumba chake akafungua friji. Kulikuwa na oda ya kipaimara. Alitoa chokoleti iliyogandishwa, akaanza kufinyanga huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni, naye akiyafuta kwa mabega ili yasidondokee kazi.

Huko mbele kelele zilipanda, zikashuka, zikawa za kuagana. Bajaji zikawashwa. Halafu mlango ukagongwa taratibu, na Mama Kabula akaingiza kichwa. Alikuwa amelia pia, maana alimtaka binti huyu kwa moyo wote. Alitazama friji, feni, na vitonge vilivyopangwa mstari, vikavu, vya mviringo, akavikazia macho kama mtu anayeviona mara ya kwanza.

"Mwanangu, yametokea yaliyotokea," alisema. "Mungu ndiye anajua. Lakini ule mchuzi… nikija na chupa ya chai, unaweza kunijazia?"

Jeannine aliendelea kufinyanga.

"Ungekuwa mkwe ningekujazia bure, mama," alisema. "Wateja wana bei yao."