Jina Langu Halimo Kwenye Ripoti

Filimbi ilikuwa imekwisha kulia gongo la hoki la Arnold lilipotua kwenye taya la Laban. Nilikuwa hatua nne kutoka hapo. Nilisikia filimbi, kisha nikasikia mfupa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Machi 2012, kwenye uwanja wa kukodi mtaa wa Abu Hamour, ughaibuni tulikofanya kazi. Sisi walinzi wa hoteli moja ya Al Sadd tulikuwa tunacheza hoki na timu ya ofisi kuu ya kampuni yetu. Laban alikuwa mlinzi mwenzetu; Arnold, aliyechezea ofisi, alikuwa msimamizi wetu wa zamu. Fomu yangu ya likizo ilikuwa mezani kwake ikisubiri saini. Mke wangu sikuwa nimemwona kwa miaka mitatu.

Herbert alitupa gongo lake akakimbia. Tom akafuata, kisha Ibrahimu, wote walinzi wenzangu. Hawakumpiga mtu. Walimzunguka Laban wakiwa wameshikana mikono, migongo kwake, nyuso kwetu, kama tulivyofundishwa kumkinga mgeni mashuhuri. Arnold alipotaka kupita, Herbert alimsukuma kwa kifua.

"Rudi nyuma, boss. Huyu ni wetu."

"Na wewe?" Tom alinipigia kelele. "Unangoja kadi ya mwaliko?"

Sikusogea. Nilijiambia kwamba lazima mmoja abaki akitazama.

Mchana ofisi ilitaka ripoti ya tukio. Wenzangu walinipa kalamu bila mjadala. Ripoti zao zote niliziandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Mlinzi haandiki maoni. Anaandika saa, mahali, majina, nani alifanya nini. Nikaandika: saa nne na dakika ishirini, Laban aligongwa kwenye taya. Walioacha nafasi zao ni Herbert, Tom na Ibrahimu. Aliyemsukuma msimamizi ni Herbert.

"Umeandika ukweli?" Herbert aliniuliza.

"Kila neno."

"Basi tuko sawa, profesa." Hakuomba kuisoma.

Kila neno lilikuwa kweli. Filimbi sikuiandika.

Siku tisa baadaye wote watatu walivunjiwa mikataba. Laban, taya likiwa limefungwa kwa waya, aliiandikia ofisi kwamba mchezo ulikuwa umesimama alipopigwa. Walimwonyesha ripoti yangu. Wakamwambia aende nyumbani na wenzake. Likizo yangu ilisainiwa wiki hiyohiyo.

Asubuhi ya safari yao nilimkuta Laban chumbani kwetu Al Mansoura akipanga nguo. Alizungumza bila kufungua meno.

"Chukua bed yangu ya chini, bro. Hiyo ngazi itakumaliza mgongo."

"Laban, ile ripoti..."

"Wewe uliandika ulichoona. Mimi na vile niligongwa, hata sijui kama nilisikia filimbi ama ni kichwa tu ilikuwa inalia."

Alinitazama, akingoja. Zipu ya sanduku ilikuwa imekwama. Nilipiga magoti nikamsaidia kuifunga.

Nililala kwenye kitanda hicho miaka miwili.