Abiria wa Mzee Bujiku

Jumamosi moja ya kiangazi cha mwaka 1997, Mzee Bujiku alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya duka la vipuri la Girish mjini Shinyanga, akipiga tupa tundu la moshi la silinda ili injini ipumue vizuri zaidi. Alikuwa na miaka sitini na moja. Pikipiki yake ilikuwa CZ ya mashindano ya krosi ya mwaka 1973, iliyoachwa na mmisionari mmoja, na alikwisha kuiondolea kila kitu kisichosaidia kukimbia: taa, honi, hata nusu ya siti. Ilibaki nafasi ya mtu mmoja, tena mwembamba.

"Ukiendelea kupunguza utabaki na plagi tu," alisema Girish, akipuliza chai yake. Yeye alikuwa na Maico ya miaka hiyohiyo, na kitambi cha miaka hiyohiyo. "Mzee mzima unakwenda kuvunjika kiuno Geita."

"Na wewe je?"

"Changu kilishavunjika zamani. Nakwenda kuvunja chako."

Bujiku alicheka kidogo, akarudi kwenye tupa. Hakuwa anafuata kikombe cha mashindano. Mwanawe Jilala alikwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu kwenye duara, yaani shimo, la mtu aitwaye Thobias, na tangu masika hakuna aliyeleta salamu zake. Bujiku alikwenda kumuulizia, akarudishwa na walinzi getini. Alikwenda tena. Safari hiyo Thobias mwenyewe alishusha kioo cha gari akamwambia kwa upole kwamba vijana wa machimboni hawatulii. Wakisikia dhahabu imetoka kwingine, wanahama bila kuaga. Baadaye duara likafukiwa, eneo likasawazishwa, na Thobias akatangaza mashindano ya pikipiki za zamani. Siku ya mashindano geti lingekuwa wazi kwa kila mwenye pikipiki.

"Baba Jilala, ukifika muulize yeyote," alisema Generosa, mkewe, asubuhi ya safari. Walishikana mikono wakasali. Bujiku aliomba amkute mwanawe hai, na kama hayuko hai, asiambiwe.

Njia ya mashindano ilizunguka marundo ya mchanga, ikashuka kwenye korongo, ikapita kando ya uzio wa barabarani, kisha ikapanda tuta kubwa la kifusi. Tuta hilo lilikuwa palepale lilipokuwa duara. Wenzake walilifuata kwa kasi wakaruka, magurudumu yote mawili hewani. Bujiku hakuruka. Springi alizotengeneza zingemudu, lakini magoti yake yasingemudu. Alipanda polepole hadi juu, kama mtu anayepita uani kwa watu.

Pale juu mtu alipanda nyuma yake.

Siti ilididimia, shokapu zikagonga mwisho, na mikono miwili yenye udongo mbichi ikamshika kiunoni.

"Mwadila, baba," ilisema sauti.

"Mwadila," aliitikia Bujiku, kwa kuwa ilikuwa mchana na salamu haiachwi hewani. "Wewe nani?"

"Hapa naitwa Komando. Nyumbani Ushetu naitwa Ngassa. Miguu niweke wapi?"

"Hakuna pa kuweka. Ni ya mashindano hii."

"Basi nitaikunja."

Watu waliojipanga kando ya njia waliwaona. Mama mmoja muuza maandazi alimpungia Ngassa mkono, kisha akamwambia jirani yake kwamba Komando alikuwa mteja mzuri, ila amekonda. Girish aliwapita kwenye kona akipiga kelele, "Bujiku bwana! Haya mashindano au teksi?"

Ngassa alieleza kwamba duara lilititia wakati zamu yao ikiwa chini. "Tuliwasikia wanachimba huko juu. Tukafurahi, tukaimba. Halafu tukasikia katapila linasukuma udongo kuja kwetu."

Bujiku alipunguza mwendo. "Jilala yuko huko?"

"Kule tunajuana kwa majina ya kazi tu, baba. Na kuna giza."

Ngassa aliomba kushushwa kwenye uzio wa barabarani. Alishukuru, akakaa chini, akaanza kukamua shati lake.

Mzunguko uliofuata alipanda mwingine, akakohoa mgongoni mwa Bujiku njia nzima. Alikuwa mtoto wa mjane mmoja wa Kolandoto. Baada yake akapanda mmoja mwenye mikono midogo mno. Kila alipolikaribia tuta Bujiku aliomba: Bwana, asiwe Jilala. Na kila mara alishuka na mtoto wa mtu mwingine, akashukuru. Ilimchukua muda kuelewa alichokuwa akiomba. Alikuwa anaomba awe mtoto wa mwenzake, na Mungu alikuwa anamsikia. Hofu ikazidi, maana sasa hakuwa na sala ya kushika.

Mshika bendera akaonyesha kwamba umebaki mzunguko wa mwisho.

Bujiku alilitazama tuta kwa mbali. Anayeruka hapandiwi na mtu. Hilo alikwisha kuliona kwa wenzake. Angefungua mafuta angepita hewani, angerudi Shinyanga, angemwambia Generosa kwamba hakumwona, na Jilala angeendelea kuwa amehama. Aliweka gia ya tatu. Injini ililia vizuri, ile kazi yote ya tupa ikajibu. Tuta lilikuja mbio.

Akafunga mafuta. Akashika klachi, akarudisha gia ya kwanza, akapanda polepole.

Siti ilididimia.

"Shikamoo, baba."

Bujiku hakugeuka. Alilishuka tuta kwanza, na yule wa nyuma alingoja, kama kijana aliyelelewa.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Mama yako anakusalimu."

"Hajambo?"

"Anakungoja."

Walipofika kwenye uzio wa barabarani Jilala hakuomba kushuka. Mshika bendera alitangaza kwamba abiria hawaruhusiwi kuvuka mstari wa mwisho, kwa hiyo Bujiku ametolewa. Girish, aliyekuwa ameshinda, alifungua mdomo kumtania. Akamwona aliyekaa nyuma, akavua helmeti, akaishika kifuani.

Thobias alikuja na kikombe mkononi. "Naona umempata kijana," alisema. "Nilikuambia hayupo kwangu. Sasa kweli hayupo." Akawakaribisha pilau.

Bujiku aliwatazama walinzi wa getini, akaangalia chini, akawasha pikipiki.

Nyumbani Generosa alimmiminia mwanawe maji ya kunawa. Yalitoka na udongo, akamimina tena, yakatoka na udongo. Walimzika kando ya mihogo, kwa sala, naye mwenyewe akiitikia amina mpaka mwisho. Bujiku alikwenda kwenye kituo kimoja cha polisi kueleza. Askari aliuliza kama kijana bado amepotea. Bujiku alisema amerudi. Askari alisema kwa hiyo hakuna kesi.

Mwaka uliofuata mashindano yalitangazwa tena, na Bujiku alirefusha siti na kuchomelea vyuma vya kukanyagia abiria. Akafunga sproketi kubwa ya mnyororo nyuma, ili pikipiki iweze kupanda polepole na uzito wa waliobaki kule chini. Girish alimpa vipuri na hakutania hata kidogo.

Lakini Thobias alikuwa ameliongezea tuta kimo. Kingo zake zilisimama kama ukuta; ilielezwa kwamba watazamaji wanapenda kuona watu wakiruka. Bujiku alipanda kwa gia ya kwanza, tairi likachimba kifusi, akateleza chini. Akapanda tena, akateleza tena.

"Mwadila, baba," zilisema sauti kutoka ndani.

"Mwadila," aliitikia, amelishikilia tuta kwa mkono mmoja.

Mshika bendera alimpungia asogee, anazuia njia. Alisogea. Pikipiki zikaruka juu ya kichwa chake, moja baada ya nyingine, na kutoka ndani ya kifusi kila moja ilisalimiwa kwa adabu.