Kiti cha Bi Raniya Uwanjani

Mtu akiniambia wasichana wa Pemba hawapendi michezo, mie humkata kauli hapo hapo. Wanapenda. Wasichokipenda ni kutazamwa na kila mpita njia mwenye baiskeli na muda wa kupoteza. Nilisomesha michezo katika chuo cha ualimu hapa Wete, upande wa Jadida, tangu nywele zangu zote nyeusi, kwa hiyo najua ninachosema.

Uwanja wetu ulikuwa mkubwa, majani yake mazuri, lakini uko wazi pande zote na ubavuni mwake inapita barabara. Wavulana hilo haliwashughulishi. Wao wakitazamwa ndo kwanza wanazidisha mbio. Wasichana walicheza netiboli mkono mmoja kwenye mpira, mwengine kwenye mtandio. Hebu jaribu wewe kudaka pasi namna hiyo. Kila muhula alikuja mzazi akamtoa binti yake timuni, na sikuweza kumlaumu, maana hata mie n'na mabinti.

Mwaka ninaousema, muafaka wa vyama ulikuwa umeshatiwa saini lakini watu bado wamenuniana, nilikuwa na mfungaji mmoja akiitwa Mwanabaraka, mtoto wa kisiwa cha Fundo. Sijapata kuona mkono kama ule. Alitaka kuwa mwalimu wa michezo, nami nilimtaka zaidi kuliko alivyotaka yeye, kwa sababu katika Wete nzima mwanamke wa kazi hiyo nilikuwa peke yangu na magoti yameshaanza kuniuma. Basi siku moja baba yake, Bwana Ame, akavuka kutoka Fundo akaja kuniona. Alikaa kitako kwa adabu, akaulizia wazee wangu mmoja mmoja, kisha akasema, "Mwalimu Ummi, mwanangu nimemleta asome, sikumleta awe tamasha la barabarani. Muhula huno ukisha, atoke. Ukipatikana ukuta, n'na radhi acheze mpaka achoke."

Ukuta. Kama vile ukuta unaota kama muhogo. Nikamwambia Inshallah, na moyoni nikajua Mwanabaraka ndo basi.

Mungu si Athumani. Haukupita mwezi, mkuu wa chuo, Mwalimu Pandu, akaniita ofisini kwake akicheka peke yake. Kijana mmoja wa Jadida aliyeko Maskati, jina lake Nasor, muuza vipuri vya magari, amepiga simu. Anataka kuuzungushia uwanja ukuta wa matofali, atie na lango na jukwaa la kukalia. Sharti lake moja: uwanja uitwe kwa jina la mama yake, Bi Raniya binti Fahd.

Bi Raniya nilikuwa nikimjua, nani asiyemjua. Jamaa zake walikuwa wenye mashamba ya karafuu kabla ya Mapinduzi; baadaye mashamba yakaenda, ukabaki ulimi. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, kakaa ndani mwake anashona kofia, na akikwambia neno utalala nalo. Nikamuuliza Nasor kwenye simu, mama mwenyewe ameridhia? Akasema, "Mwalimu, mama nikimuuliza atakataa. Mama hukataa kila kitu kwanza. Wenzangu huku wamejenga misikiti kwa majina ya baba zao. Mama yangu hana hata kichochoro. Na usione hivi, alikuwa akicheza netiboli skuli, wakati wa Mngereza. Babu alimtoa kwa sababu watu wakimtazama njiani."

Hilo la mwisho likanikaa. Sikuuliza tena.

Mafundi wakaanza. Ukuta ukapanda upande wa mikarafuu, ukazunguka nyuma, ukaja upande wa chuo. Ukabaki upande wa barabara tu, ndo upande wenyewe. Lango likasimamishwa mwanzo, na Nasor akataka jina lipande mapema apelekewe picha. Akaitwa Kificho, mchoraji wa mabao ya majina, mtu mpole, mkono wake mzuri sana. Tatizo la Kificho ni moja: maisha yake yote ameandika visima na misikiti. Ukichimba kisima kwa ajili ya mzazi wako aliyetangulia, unamwita Kificho, anakuandikia kwa kijani juu ya cheupe, na mwezi mchanga juu yake, "Sadaka ya fulani binti fulani", na kila anayekunywa anamsomea Fatiha. Ndo desturi yetu. Basi mkono wa Kificho ukaenda ulikozoea. Alkhamisi alasiri lango likawa linang'aa: kijani, cheupe, mwezi mchanga, Sadaka ya Bi Raniya binti Fahd.

Waliopita mwanzo walitazama rangi. Zama zile jina likipanda ukutani watu walitaka kujua la chama gani, na kijani ni cha chama cha wakubwa, kwa hiyo wengine wakasema siasa imeingia chuoni. Lakini watu wazima wakasoma, wakasimama, wakanyanyua mikono. Innalillahi, Bi Raniya kafa lini? Kila mmoja akaona haya kuuliza, asije akaonekana ndiye asiyejua habari za jirani yake. Ijumaa msikitini akaombewa Fatiha. Baada ya sala wake zao wakajulishwa, wakajifunga kanga, wakachukua mchele, sukari, unga na mafuta, kila mtu kwa uwezo wake, wakaenda kilioni.

Nami nilikuwemo, kwa sababu Mwalimu Pandu aliniambia niende mbio nikawazuie kabla hawajafika. Nilichelewa. Nimefika barazani, wanawake wamejaa, na mbele yao ni Bi Mgeni. Huyu Bi Mgeni ni jirani wa Bi Raniya, mlango kwa mlango, na tangu uchaguzi walikuwa hawasemezani. Huyu chama hiki, yule kile. Walikuwa hawaombani chumvi. Na wakati ule, usisahau, palikuwa na watu hawazikani. Leo Bi Mgeni kabeba sukari kichwani, analia kilio cha kweli, "Shoga yangu, umekwenda bila ya kuniaga."

Mlango ukafunguliwa na Bi Raniya, kofia anayoishona mkononi.

 Bi Raniya akawatazama wote, akautazama mchele.

"Nani kafa?" akauliza.

 Mwisho Bi Mgeni akasema kwa sauti ndogo, "Wewe."

"Alaa," akasema Bi Raniya. "Na mie sijaambiwa."

Bi Mgeni akakaa chini pale pale barazani, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na wengine wakafuata. Bi Raniya hakucheka. Aliponiona mie nyuma ya watu, mwalimu wa chuo, akajua. Akaniashiria kwa kidole niingie ndani. Wallahi nilihisi nimerudi darasa la pili.

Nikamweleza yote, la Nasor na la Kificho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema jina lake litolewe. Leo hii. Yeye hakulelewa jina lake litajwe na wanaume vijiweni. Kesho watasema fulani kavunjika mguu kwa Raniya, fulani kafungwa magoli kwa Raniya. Hapana. Nasor akapigiwa simu mbele yangu, na kumbe ukaidi kaurithi wapi nikajua siku hiyo. Jina likitoka, akasema, mafundi nao washuke ukutani. Ameshawatangazia watu Maskati nzima, hawezi kujenga uwanja wa jina la mtu mwengine. Mama akamkatia simu.

Jumatatu mafundi hawakuja. Upande wa barabara ukabaki na msingi tu, urefu wa kifundo cha mguu. Mwanabaraka akaniuliza, "Mwalimu, ukuta ndo umekwisha huu?" Nikamwambia bado. Alikwenda akakaa juu ya ule msingi. Muhula umebaki ncha, na Bwana Ame si mtu wa kugeuza maneno.

Nikarudi kwa Bi Raniya. Nilikwenda na adabu zangu zote, nikambembeleza, nikamwita mama, nikamsifu kofia zake. Akasema, "Ummi, nimeshasema." Nilipandwa na hasira, nami hasira zangu zinajulikana. Nikamwambia, "Basi sawa, mama. Kuna mtoto wa Fundo anatolewa timuni wiki hino kwa sababu watu wanamtazama njiani. Wewe ulipotolewa ulikuwa na umri gani?"

Sindano yake ikasimama. Nikataka ardhi ipasuke, lakini neno likishatoka limetoka.

Bi Raniya akashona mishono mingine, polepole. Kisha akasema, "Nani kakwambia?"

"Nasor."

"Nilimwambia alipokuwa mdogo. Sikujua kama alikuwa akisikiliza." Akaiweka kofia chini, akaomba buibui lake. "Nipeleke nikamwone huyo mtoto."

Tulifika saa ya mazoezi. Barabarani baiskeli zimesimama kama kawaida, watu wameegemea, mmoja anakula muwa kabisa. Wasichana wamo uwanjani. Mwanabaraka alipokea pasi, mtandio ukamteleza, akaudaka mtandio kwanza, na mpira ukampita. Wale wa muwa wakacheka.  Bi Raniya alisimama pale langoni, chini ya jina lake, muda mrefu, nami nikauona mkono wake umekunjwa kama umeshika mpira. Roho iliniuma na ilifurahi kwa wakati mmoja, sijui niseme vipi.

"Sisi hatukuwa na hata huo msingi," akasema mwishowe. Kisha, "Ule mchele wa kilio changu uko wapi?"

"Uko kwako, mama. Watu waliona haya kuuchukua."

"Na haurudishwi. Chakula cha msiba hakirudi kwa mwenyewe, kitarudi na msiba. Kitapikwa."

Kikapikwa kweli, uwanjani, siku ya Jumapili, pilau masufuria kwa masufuria. Bi Mgeni ndiye aliyesimamia moto, na waliokuwa hawazikani walikula sinia moja, kwa kuwa huwezi kususa kilio ambacho maiti mwenyewe anakwambia ongeza. Bwana Ame naye alivuka kutoka Fundo. Walipokwisha kula, Bi Raniya akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu walinyamaza hata watoto.

"Mimi ndiye Raniya binti Fahd," akasema. "Jina nimeridhia libaki, ukuta na umalizwe. Lakini mie sijafa. Nitawekewa kiti hapa langoni, na kila mazoezi ya wasichana nitakuwepo. Mtu akisikia nimekufa, asinisomee mpaka aje atazame kiti kwanza. Nikiwemo, anipe salamu aende zake."

Halafu akamgeukia Kificho, aliyekuwa amejificha nyuma ya masufuria. "Na wewe, nitolee rangi hiyo ya kisima."

Hapo likazuka jengine, kwa sababu kijani hakitakiwi, na nyekundu, nyeupe na buluu ni za upande wa pili, na manjano nayo ina wenyewe. Mwalimu Pandu alitoka jasho. Ni Bi Mgeni aliyesema kwa nini lisiandikwe kwa rangi ya karafuu kavu, ambayo haijapata kupiga kura. Ikaandikwa hivyo. Neno sadaka likatoka, likabaki jina lake tu, na Nasor akapelekewa picha. Mafundi wakarudi siku ya pili yake.

Ukuta ulikwisha kabla muhula haujesha. Siku ya mwanzo wasichana walifunga lango kwa ndani, wakavua mitandio, na Mwanabaraka akadaka kwa mikono miwili. Nilikuwa sijapata kumwona akicheza kwa mikono miwili. Nikatoa filimbi ili nipulize, nikashindwa, nikasimama pale nalia mtu mzima mie. Bi Raniya kitini mwake akaniambia nisiwakatishe watoto mchezo.

Alitimiza ahadi yake. Miaka ikapita, akawa anakuja na kofia yake ya kushona, na Bi Mgeni akawa anakuja naye, kila mmoja na chama chake na kiti kimoja wakipokezana. Wasichana wakikosa goli aliwasema. Maneno yalivuma mara nyingi kuwa Bi Raniya kafariki, mara homa, mara presha, na kila yakivuma watu walituma mtu uwanjani. Akirudi anasema, "Yupo kitini, kanitukana." Basi, watu wanaendelea na shughuli zao.

Mwaka ule nilipostaafu, asubuhi moja, Bi Mgeni alinipigia simu. Akaniambia, "Ummi, wanasema kaenda. Niko naye hapa, nimemshika mkono, na mie siamini. Nenda kanitazamie kiti."

Nikaenda. Mwanabaraka, ambaye sasa ndiye mwalimu wa michezo, alikuwa na wasichana wake uwanjani, na kwa sababu lango lilifungwa, wakicheza kwa mikono miwili na kelele tele. Alinifungulia. Kiti kilikuwa pale pale langoni, na juu yake kofia iliyoshonwa nusu, ambayo aliiacha juzi yake ili asisahau alipofikia.

Nikanyanyua mikono, nikamsomea Fatiha niliyokuwa nimemwekea miaka yote ile. Kisha nikampigia Bi Mgeni simu, nikamwambia kiti ni kitupu.